Dozi ya Mseto ya Malaria: Namna ya Kuimeza Mpaka Iishe

Ukikaa dirisha la dawa utaulizwa maswali manne kila wiki, nayo hayabadiliki. Nimeze kabla ya kula au baada? Nimetapika, nirudie? Nimeshapata nafuu, niache? Na lile la wiki ya pili: mbona nimemaliza dozi na kipimo bado kinasema ninayo? Nimechoka kuyajibu kwa haraka huku foleni imesimama nyuma ya mgonjwa, kwa hiyo nayaandika hapa yote, taratibu.

Mwongozo huu unahusu artemeta-lumefantrini, ambayo wengi wanaiita dawa mseto au ALu. Kwenye pakiti utaona majina mawili, artemether na lumefantrine, na kwa vidonge vya kawaida namba zake ni miligramu 20 na miligramu 120. Kama pakiti yako ina majina mengine au namba kubwa zaidi, usifuate hesabu ya vidonge iliyo hapa. Nenda kwanza kwenye sehemu ya "Yakikwama" huko chini, kisha rudi kwa aliyekupa dawa.

Nadharia ni hii tu. Dawa ni mbili ndani ya kidonge kimoja. Artemeta inaua vimelea wengi kwa haraka, halafu inatoka mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini inakwenda polepole lakini inabaki mwilini kwa siku kadhaa, ikiwamaliza waliosalia. Nafuu unayoisikia siku ya pili ni kazi ya ile ya kwanza. Ya pili bado haijamaliza yake.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Majibu ya kipimo, cha haraka au cha hadubini. Homa peke yake haitoshi, maana nimonia, homa ya matumbo na maambukizi ya mkojo nayo huchemsha mwili vilevile.
- Uzito wa mgonjwa kwa kilo, aliopimwa leo. Uzito wa mtoto wa miezi sita iliyopita si uzito wake wa sasa.
- Pakiti kamili, yenye tarehe ya mwisho wa matumizi inayosomeka na vidonge vikiwa bado vimefungwa kwenye karatasi yake. Vidonge vilivyohesabiwa mkononi na kutiwa kwenye bahasha isiyo na jina, vikatae.
- Kitu chenye mafuta cha kula au kunywa: maziwa, mtindi, yai, karanga, parachichi au chakula chochote kilichopikwa kwa mafuta.
- Maji safi, kalamu, na saa au simu yenye kengele.
- Orodha ya dawa zote unazotumia sasa, pamoja na za asili.

Sasa simama hapo kidogo. Vidonge hivi ni vya malaria isiyo kali. Mgonjwa akiwa na degedege, amelegea hawezi kukaa au kusimama, amechanganyikiwa au hazinduki, anapumua kwa shida, anatapika kila kitu, hawezi kunywa wala kunyonya, macho yamekuwa ya manjano, viganja vimepauka sana, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, usianze kuhangaika na vidonge nyumbani. Huyo anahitaji sindano ya atesuneti na uangalizi wa hospitali, na anahitaji sasa hivi. Vidonge vya mseto atapewa baadaye, akishaweza kumeza.

Hatua kwa hatua

1. Mwambie anayekupa dawa mambo ambayo hajakuuliza.
Mwambie kama una mimba, hata kama ni changa na hujamwambia mtu. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza artemeta-lumefantrini hata katika miezi mitatu ya kwanza, lakini mhudumu anatakiwa kujua ili akufuatilie. Mwambie kama una ugonjwa wa moyo, hasa mapigo yasiyo sawa, au kama kuna mtu katika familia aliyefariki ghafla kwa moyo. Mwambie kama unatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, dawa za kifafa kama kabamazepini au fenitoini, au ARV zenye efavirenzi. Hizo hupunguza nguvu ya mseto mwilini, na unaweza kumaliza dozi yote vizuri na usipone. Dawa za fangasi za kumeza, baadhi ya antibayotiki, na kwinini au mefloquine uliyomeza siku za karibuni, nazo zitaje.

Wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango: mseto unaweza kuvipunguzia nguvu. Tumieni na kondomu mpaka mzunguko unaofuata. Hili huwa halisemwi dirishani, nafikiri kwa aibu tu.

2. Hakikisha idadi ya vidonge inalingana na uzito.
Kwa vidonge vya 20/120, kila dozi ni hivi:

- kilo 5 hadi chini ya 15: kidonge 1
- kilo 15 hadi chini ya 25: vidonge 2
- kilo 25 hadi chini ya 35: vidonge 3
- kilo 35 na zaidi: vidonge 4

Dozi ni sita kwa siku tatu. Kwa hiyo mtu mzima anamaliza vidonge 24, na mtoto wa kilo 12 anamaliza 6. Zidisha mwenyewe hapo hapo kabla hujaondoka: vidonge vya dozi moja mara sita. Usipopata idadi iliyo mkononi mwako, uliza. Mtoto wa chini ya kilo 5 hapangiwi dozi nyumbani, apelekwe kwa mhudumu.

3. Andika ratiba yote kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.
Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dozi ya pili inamezwa saa 8 baada ya ya kwanza. Ya tatu inamezwa saa 24 tangu ile ya kwanza, na zinazofuata zinapishana kwa saa 12. Ukianza Jumatatu saa 4 asubuhi, ratiba yako ni hii:

- Jumatatu: saa 4 asubuhi, saa 12 jioni
- Jumanne: saa 4 asubuhi, saa 4 usiku
- Jumatano: saa 4 asubuhi, saa 4 usiku

Hiyo ni rahisi. Shida ni kwa anayetoka kupima jioni. Ameanza saa 11 jioni, dozi ya pili inaangukia saa 7 usiku, naye amelala fofofo na homa yake. Lazima aamke. Weka kengele, au mwambie mtu wa nyumbani akuamshe. Na hapa kuna mtego: simu haijui saa zetu. Saa 7 usiku kwenye simu ni 01:00. Kijana mmoja aliniambia kengele yake "haikulia kabisa", nikamwomba anionyeshe. Alikuwa ameweka 07:00, ikalia saa 1 asubuhi akiwa anapiga mswaki, akaizima. Dozi ya pili akaimeza saa 14 baada ya ya kwanza badala ya saa 8.

Wengine huandikiwa tu "asubuhi na jioni" kuanzia siku ya pili. Hiyo pia ni sawa, ifuate alivyokupangia mhudumu. Ila lile pengo la saa 8 kati ya ya kwanza na ya pili lishike.

Kwenye pakiti ukikuta "4x2", maana yake ni vidonge vinne, mara mbili kwa siku. Kuna wanaosoma kinyume, viwili mara nne. Kama huna hakika mwandiko unasemaje, uliza ukiwa bado dirishani. Hakuna atakayekucheka.

4. Kula kwanza, kisha meza.
Jibu la swali la kwanza basi: na chakula, na chakula chenyewe kiwe na mafuta. Lumefantrini haiingii vizuri mwilini kwenye tumbo tupu. Unaweza kumeza vidonge vyote 24 kwa maji matupu na damu yako ikapata sehemu ndogo tu ya dawa uliyoimeza.

Najua mwenye malaria hana hamu ya kula. Hakuna anayekudai sahani kamili. Kikombe cha maziwa kinatosha, au yai moja, au kiganja cha karanga. Mtoto anayenyonya, mnyonyeshe. Ikishindikana kabisa kula, usiruke dozi. Meza, kisha kula kitu chenye mafuta mara tu tumbo litakapokubali.

5. Kwa mtoto, kidonge kiwe majimaji.
Vipo vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji. Weka kidonge kwenye kikombe kidogo kisafi, tia maji safi kama vijiko viwili vya chai kwa kila kidonge, tikisa polepole mpaka kisambae, mpe anywe. Halafu tia maji mengine kidogo kwenye kikombe hicho hicho, sukasuka, mpe na hayo. Dawa huganda kwenye kuta za kikombe. Mama mmoja alinionyesha kijiko alichokwisha kumpa nacho mwanawe dawa, na pale chini kulikuwa na unga wa njano mzito wa kutosha kuandikia kwa kidole. "Mama," nikamwambia, "nusu ya dozi umeiosha na vyombo." Tukaongeza maji, mtoto akamaliza.

Kidonge cha kawaida kisichoyeyuka kinaweza kusagwa kikachanganywa na maji kidogo. Usikitie kwenye bakuli zima la chakula au chupa nzima ya maziwa, maana akiacha nusu hutajua amepata dawa kiasi gani. Mpe dawa kwanza, kisha chakula kifuate pale pale. Na usimbane pua ili ameze. Atapaliwa.

6. Subiri saa moja bila kumchezesha sana.
Akitapika ndani ya saa moja, rudia dozi ile ile yote. Akitapika baada ya hapo, usirudie, endelea na ratiba. Ukirudia, ujue pakiti imepungua dozi moja, kwa hiyo rudi uliponunua au ulipopewa wakuongezee vidonge. Usibane mwishoni kwa kumeza dozi tano ukadhani umemaliza. Akitapika na ile ya kurudia, hayo si ya nyumbani tena, mpeleke hospitali.

7. Shusha homa, lakini kwa hesabu.
Parasetamoli inaruhusiwa kwenda pamoja na mseto. Kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, na kati ya dozi na dozi ziwe saa 4 hadi 6, zisizidi dozi nne ndani ya saa 24. Angalia dawa za mafua mlizo nazo ndani, nyingi zina parasetamoli tayari, na mtu anajikuta ameimeza mara mbili bila kujua. Mtoto mwenye homa asipewe aspirini.

Pombe iache mpaka umalize. Juisi ya balungi pia, maana hupandisha kiwango cha dawa kwenye damu.

8. Tia alama kila dozi, na umalize.
Andika saa kwenye pakiti kila unapomeza. Usitegemee kumbukumbu ya mtu mwenye homa.

Ukisahau dozi, imeze mara unapokumbuka, kisha endelea kwa mpangilio mpaka vidonge viishe. Usimeze dozi mbili kwa pamoja ili kufidia. Ukikosa zaidi ya moja, mpigie simu mhudumu au urudi kwake.

Siku ya pili jioni utajisikia mzima. Ndiyo siku ambayo pakiti nyingi husimama. Kila nyumba ninayoijua ina kile kikopo kabatini chenye vidonge sita vya huyu, vinne vya yule, "vya akiba". Akiba hiyo hutoka mwezi ujao kwa mtu mwingine, wa uzito mwingine, asiyepimwa. Mbaya zaidi, vimelea waliobaki wamekutana na dawa kidogo isiyowatosha, na hivyo ndivyo usugu unavyozaliwa. Klorokwini ilitufia mikononi hivyo hivyo.

9. Hifadhi vizuri kwa siku hizo tatu.
Mahali pakavu, pasipozidi nyuzi joto 30, mbali na watoto na mbali na dirisha lenye jua. Kidonge kitoke kwenye karatasi yake saa ya kumeza tu.

Maudhi madogo na yasiyo madogo

Kichwa kuuma, kizunguzungu, uchovu, viungo kuuma, kukosa hamu ya kula: haya huletwa na dawa, na huletwa na malaria yenyewe. Huwezi kuyatenganisha kwa urahisi, na mara nyingi yanaisha yenyewe. Usiendeshe gari wala kupanda ngazi ukiwa na kizunguzungu.

Acha dawa na ukimbie hospitali ukiona uvimbe wa uso au midomo, vipele vinavyosambaa haraka, kupumua kwa shida, kuzimia, au moyo kwenda mbio bila sababu unayoijua.

Aliyetibiwa malaria kali kwa sindano ya atesuneti aangaliwe kwa wiki nne hivi. Akipauka, akichoka kupita kiasi au mkojo ukiwa mweusi, arudi apimwe damu. Wachache hupungukiwa damu wiki moja au zaidi baada ya sindano, wakati kila mtu nyumbani ameshasahau kuwa aliumwa.

Yakikwama

Homa haijashuka kwa siku tatu. Usinunue pakiti ya pili. Rudi ukapimwe kwa hadubini na ukaguliwe kama kuna ugonjwa mwingine. Jiulize pia, kabla mhudumu hajakuuliza: nilikula? nilitapika? nilimeza kwa saa? Hali ikizidi kuwa mbaya kabla ya siku tatu, usizisubiri zitimie.

Nimemaliza dozi, najisikia vizuri, kipimo cha haraka bado kinaonyesha mistari miwili. Hili ndilo linaloleta ugomvi. Vipimo vingi vya haraka vinatafuta protini ambayo vimelea huiacha kwenye damu, na protini hiyo inaweza kukaa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Kipimo kinaona mabaki. Hakifai kuthibitisha kupona. Kama una dalili, omba hadubini. Kama huna, usijipime.

Homa imerudi ndani ya siku 28. Mwambie mhudumu tarehe uliyoanza dozi na jina la dawa, mpe pakiti ileile kama bado unayo. Huenda akakubadilishia dawa kabisa. Ndiyo maana nasema usitupe pakiti mapema.

Nimepewa jina jingine. Dawa mseto ziko za aina kadhaa na masharti yake hayafanani. Dihidroatemisinini-piperakwini humezwa mara moja kwa siku kwa siku tatu, na haitaki chakula cha mafuta, kinyume kabisa cha ALu. Atesuneti-amodiakwini nayo ni mara moja kwa siku, na inaweza kukulegeza na kukutia usingizi. Ukiongezewa primakwini, dawa nyingine ya malaria, uliza kuhusu upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), na useme kama una mimba au unanyonyesha. Na ukikuta vidonge vya atesuneti peke yake bila mwenzake, virudishe. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitaka vidonge vya namna hiyo viondolewe sokoni tangu 2006.

Pakiti inanitia shaka. Maandishi yaliyokosewa herufi, tarehe iliyofutika au iliyobandikwa juu ya nyingine, namba ya toleo kwenye boksi isiyolingana na ya kwenye karatasi ya vidonge, kidonge kinachomong'onyoka: usimeze, usitupe. Kipeleke kwa mfamasia au mamlaka ya dawa pamoja na boksi lake, na dozi yako uipate kwingine siku hiyo hiyo.

Mwenzangu naye ana homa, nimgawie? Hapana. Akapimwe. Ukimgawia vidonge viwili, mtakuwa wawili mliomeza nusu dozi.

Nasafiri, nitumie hii kujikinga? ALu si ya kinga. Za kinga zipo, na kila moja ina ratiba yake: atovakwoni-proguanili huanza siku 1 hadi 2 kabla ya safari na huendelea siku 7 baada ya kurudi, doksisaiklini huanza hivyo hivyo lakini huendelea wiki 4. Mefloquine huanza wiki 2 au 3 mapema, na aliyewahi kuugua akili, sonona au kifafa asiiguse. Muone daktari kabla ya kukata tiketi, na ukipata homa ukiwa safarini au baada ya kurudi, pima hata kama hukukosa kidonge hata kimoja.